Kutoka Kibao cha Mti hadi Kitabu: Safari ya Neno «Chapa»



Mada yangu ni neno moja dogo, chapa, na shahidi wangu wa kwanza ni vazi. Nililinunua katika soko la mitumba la Memorial, mjini Moshi. Ni kanzu fupi ya kike ya pamba nyepesi, ya aina ambayo Wahindi huiita kurta, yenye maua ya rangi ya nili juu ya nyeupe. Lebo ya shingoni inaeleza kwamba imetengenezwa India na kupigwa chapa kwa mkono. Nilipoichunguza niliona mahali ambapo ua moja limepanda kidogo juu ya jirani yake, kwa kuwa mkono wa fundi haukutua pale pale. Kosa hilo dogo lilinikumbusha kosa langu lililo kubwa zaidi.

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba usemi «kupiga chapa» umetokana na kitenzi chetu -chapa, yaani kupiga kwa fimbo au kiboko. Hoja ilionekana timamu: mtambo hupiga karatasi, basi huichapa. Sikuwa nimeipima. Leo napenda kuipima mbele yenu kwa vigezo vitatu: maana, umbo na njia.

Tuanze na maana. Chapa si kazi ya mtambo tu. Ni alama ya ng'ombe, ni nembo ya bidhaa, ni picha iliyo kwenye sarafu. Maana hizi zote ni za alama inayobaki, wala si za pigo linalopita. Kiboko huchapa, lakini hakuna anayeuita mchirizi wa kiboko chapa.

Kuhusu umbo, Kihindi na Kigujarati vina neno chhap, lenye maana ya muhuri, alama na maandishi yaliyopigwa. Kiwanda cha kuchapia vitabu huitwa chhapkhana. Kiswahili Sanifu hakitofautishi ch yenye mpumuo na isiyo nao, hivyo chhap ikaingia kwetu kama chapa kwa kuongezewa irabu ya mwisho tu. Neno hilohilo limefika hata Kimalei, ambako cap ni muhuri. Na nguo za batiki za Java zinazopigwa kwa muhuri wa shaba huitwa batik cap.

Njia ndiyo inayoturudisha kwenye kanzu yangu. Katika miji ya Sanganer na Bagru, karibu na Jaipur, na katika nchi ya Kutch, mafundi huchonga maua kwenye vibao vya mti mgumu kama msaji. Kibao kimoja hubeba mistari ya nje, kingine hujaza rangi ya ndani. Fundi huchovya kibao, hukiweka juu ya kitambaa, kisha hukigonga kwa ngumi. Shabu hushikisha rangi nyekundu. Chuma kilichochachushwa pamoja na sukari guru hutoa nyeusi. Jamii ya mafundi hawa kule Rajasthan huitwa Chhipa. Kazi yao ni ya kale: vipande vya pamba ya Gujarat vilivyopigwa chapa namna hii vimefukuliwa Fustat, yaani Kairo ya kale, na baadhi yake vina umri wa karibu miaka elfu moja.

Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa na maduka Unguja na Mombasa katika karne ya 19, na pamoja nao yalikuja majina ya nguo: bafta, shiti, doti. Misafara iliyopanda Uchagani kutoka pwani, kwa njia aliyoifuata Johannes Rebmann alipofika Kilema kwa Mangi Masaki mwaka 1848, ilibeba nguo kama mali ya kubadilishana na ya kutoa hongo. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi miaka ya 1911 na 1912, majora ya nguo yalipanda kwa garimoshi. Kahawa, ambayo wakulima wake waliunda KNCU mwaka 1933, iliwapa watu wa mlimani fedha za kuyanunua. Waliyanunua katika maduka ya Wahindi, na barazani hapo fundi cherehani aliyashona.

Mwaka 1971 serikali ilitwaa kwa sheria majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wao wakahama nchi. Sikusimama hapa kuihukumu sheria hiyo. Nasema tu kwamba watu waliondoka, ila maneno yao hayakuondoka: gari, laki, cheti, na chapa. Nami, kwa kuwanyima asili ya neno hili, niliwaondoa mara ya pili. Hilo ndilo linalonisumbua. Historia ya lugha isiyopimwa huweza kufuta watu bila mtu yeyote kukusudia.

Je, nadharia yangu ya zamani haikuwa na ukweli wowote? Ulikuwapo, ila si pale nilipouweka. Wasemaji wenyewe wameyakutanisha maneno haya mawili: leo twasema «kuchapa kitabu», na neno la muhuri limevaa minyambuliko ya kitenzi cha kupiga: kuchapisha, mchapishaji, chapisho. Asili ni mbili, matumizi yamekuwa mamoja, kama ua lile lililopanda juu ya jirani yake.

Vijana wetu sasa husema «kuprinti». Siwakemei, maana nao wanafanya walichofanya babu zetu dukani. Nawaomba jambo moja: mnapokutana na neno, liulizeni maana yake, umbo lake na njia yake kabla ya kulipa ukoo. Maelezo yangu ya zamani nimeyafuta, na mhadhara huu mtakaoupokea ukiwa umepigwa chapa ndio masahihisho yangu.