Vijeba: Habari ya Umri wa Uongo Katika Mpira wa Vijana

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona habari ya mpira katika kurasa hizi. Lakini mpira umekwisha ingia majumbani mwetu. Watoto wanaupenda kuliko chakula, na wazee waliokuwa wakiukataza jana leo wanakaa mbele ya televisheni mpaka usiku wa manane. Sina nia ya kuzungumzia Simba na Yanga. Hao wanao wasemaji wa kutosha kila kibaraza. Nataka tuangalie mashindano ya mataifa kwa vijana wa chini ya miaka 17, kwani hayo yamejengwa juu ya neno moja, nalo ni umri wa mtoto. Mashindano ya wakubwa huuliza nani hodari. Haya huuliza kwanza: umezaliwa lini? Na anayejibu swali hilo, mara nyingi, si mtoto mwenyewe bali ni mtu mzima aliyesimama nyuma yake.

Mashindano haya ya dunia yalianza mwaka 1985 nchini China, na wakati huo yalikuwa ya vijana wa chini ya miaka 16. Nigeria ndiyo iliyotwaa kombe la kwanza. Ilipofika 1991 mpaka ukasogezwa ukawa miaka 17. Afrika nayo ikaanza kukutanisha timu zake mahali pamoja mwaka 1995, huko Mali, na zinazofanya vizuri katika mashindano hayo ya Afrika ndizo zinazokwenda Kombe la Dunia la vijana. Kwa hivyo mechi moja ya watoto huweza kufungua mlango mkubwa sana, na penye mlango mkubwa hapakosi mtu wa kutaka kupita kwa ufunguo usio wake.

Kuweka mpaka wa umri si jambo la kizungu wala si jambo jipya. Abdullah bin Umar (R.A.) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, na Mtume (S.A.W.) hakumruhusu. Akajitokeza tena siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim, na Khalifa Umar bin Abdul-Aziz alipoisikia kwa Nafi' aliifanya kuwa ndiyo kipimo cha kupambanua mdogo na mkubwa. Angalia basi: kijana yule alikuwa na hamu kubwa, na hapakuwa na karatasi ya kumfichua, lakini aliurudi ule mwaka wake akaungoja.

Wa zama zetu hawangoji. Mwaka 1988 ilijulikana ya kwamba Mexico ilitumia wachezaji wanne waliopita umri katika mashindano ya kufuzu ya vijana wa chini ya miaka 20. FIFA ikaifungia nchi nzima miaka miwili, timu zake zote, wakubwa kwa wadogo, na Mexico ikakosa Kombe la Dunia la 1990 lililochezwa Italia. Nigeria nayo ilifungiwa miaka miwili katika mashindano ya vijana, baada ya kuonekana kuwa tarehe za kuzaliwa za baadhi ya wachezaji wake hazilingani na zile walizoandikishwa nazo hapo kabla. Mashindano ya vijana ya 1991 yaliyokuwa yafanyike kwao yakahamishiwa Ureno.

Sasa turudi kwetu, maana ni rahisi kuhesabu madoa ya nguo ya jirani.

Timu ya Tanzania ya vijana, Serengeti Boys, iliitoa Zimbabwe na kupata nafasi ya kwenda Gambia kwa mashindano ya Afrika ya 2005. Furaha ilikuwa kubwa, na ilikuwa fupi. Ilibainika ya kwamba mmoja katika wachezaji alikuwa amepita umri. Tanzania ikaondolewa na Zimbabwe ikapewa nafasi ile. Jina la mchezaji yule limeandikwa na wengi wanalijua, lakini mimi silitaji, kwa sababu alikuwa kijana na waliomwandikisha walikuwa wazee. Vijana wenziwe wote, waliokuwa na umri wa haki, walikaa nyumbani kwa ajili ya mmoja. Na mwenye miaka 16 mwaka ule hakupata mwaka mwingine wa kuwa na miaka 16.

Baada ya miaka kumi na zaidi, jambo lile lile likaja kwa upande wa pili. Mwezi wa Septemba 2016 Serengeti Boys waliifunga Kongo Brazzaville 3-2 mjini Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba, huko Brazzaville, wakafungwa 1-0. Jumla ikawa 3-3, na Kongo ikapita kwa sababu ya yale mabao mawili ya ugenini. Lakini Watanzania walishitaki kuwa mchezaji mmoja wa Kongo si wa umri ule. Shirikisho la Afrika, CAF, likaagiza apimwe. Kijana akaitwa, hakutokea. Mwezi wa Februari 2017 Kongo ikaondolewa, na Tanzania ikaingia.

Tafakari hapo kidogo. Haki iliyotupa nafasi mwaka 2017 ndiyo ile ile iliyotunyang'anya mwaka 2005. Nimesikia watu wakiisifu ile ya pili na kuilaani ile ya kwanza kana kwamba ni sheria mbili. Mtu akipenda mizani ipimapo kwa faida yake tu, huyo hapendi mizani, apenda faida.

Huko Gabon, mwezi wa Mei 2017, vijana walicheza kwa heshima. Walitoka 0-0 na Mali, ambayo ndiyo iliyochukua kombe mwishowe, wakaifunga Angola 2-1, kisha wakafungwa 1-0 na Niger. Wakawa sawa na Niger kwa pointi nne, na Niger ikapita kwa kuwa iliwafunga. Sare moja tu ingaliwafikisha nusu fainali, na nusu fainali ile ilikuwa ndiyo tiketi ya Kombe la Dunia nchini India. Lakini walifika walikofika kwa miguu yao na miaka yao.

Mwaka uliofuata, Aprili 2018, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati ya umri huo huo yalifanyika Burundi, na hapa ndipo habari inapotukaribia sisi watu wa pwani. Serengeti Boys walichukua kombe, wakiifunga Somalia 2-0 katika fainali. Zanzibar iliondolewa mashindanoni kwa sababu ya wachezaji waliopita mpaka wa umri uliowekwa. Sihukumu kama ilikuwa hila au kughafilika na masharti. Vyovyote iwavyo, waliorejea na aibu ni watoto. Nalitaja hili kwa sababu sisi wa mwambao tuna tabia ya kusema kwamba mambo haya ni ya bara, ya watu wasiojua tarehe zao. Kumbe Zanzibar ni mahali ambapo vizazi huandikishwa vizuri kuliko Bara. Wazee wetu, hata kabla ya serikali kutoa vyeti, walikuwa wakiandika katika jalada la msahafu: fulani bin fulani amezaliwa usiku wa Ijumaa, mwezi fulani, mwaka fulani wa Hijra. Basi si kwa kukosa karatasi.

Wako wasio na karatasi kweli, na hao nimeishi nao. Nilisomesha miaka kadhaa katika nchi ya Waha, huko juu Kasulu na Kibondo, mkoa wa Kigoma, mahali penye baridi, maharage na mihogo, na ng'ambo ya mpaka ni hiyo hiyo Burundi. Watoto wa kule wanapiga mpira wa matambara na migomba juu ya miteremko ambayo wewe na mimi tungeipanda kwa mkongojo. Wengi walizaliwa nyumbani. Ukimuuliza mama mtoto wake ana umri gani, hakutajii mwaka, anakutajia tukio. Wakubwa walizaliwa "wakati wa kuhamishwa vijijini", yaani ile operesheni iliyoanza mkoani humo mwaka 1972. Wengine walizaliwa "walipokuja wakimbizi".

Na hapo ndipo penye mas-ala. Wakimbizi wepi? Warundi walimiminika Kibondo na Kasulu mwishoni mwa 1993, baada ya kuuawa Rais Ndadaye mwezi wa Oktoba. Wakongo walikuja mwaka 1996, na ndipo ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mama anasema kweli tupu, hana hata chembe ya uongo, na katika kweli yake ile mna miaka mitatu. Miaka mitatu si kitu kwa mtu wa makamo. Katika mpira wa vijana ndiyo tofauti ya mtoto wa miaka 16 na mwanamume wa miaka 19 mwenye ndevu.

Shule nazo zilikuwa na kipimo chao. Mtoto akiletwa kuandikishwa darasa la kwanza bila cheti, huambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Likifikiwa sikio, amefika umri. Lisipofikiwa, arudi mwakani. Kisha mwalimu hukisia mwaka na kuuandika daftarini, na kisio lile likawa ndiyo tarehe ya mtoto maisha yake yote. Mtoto mrefu alizeeshwa, mfupi akafanywa mdogo. Katika michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, daftari hilo ndilo lililotegemewa, na walimu wa pande zote walikuwa wakilaumiana kuleta mamluki. Mtu mwenye hila akiona mahali penye makisio hufurahi, kwani uongo wake unavaa nguo ya kutojua. Naye mtoto mkweli wa Kibondo, mwenye miguu mirefu na asiye na cheti, hutiliwa shaka kwa makosa ya vijeba asiowajua. Huyo ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote.

Ama madaktari wa FIFA, wao walitafuta sikio lao. Mfupa wa mkono, pale karibu na kifundo, una utepe wa gegedu ambao mfupa hukulia hapo. Kijana akipevuka utepe ule huziba. Walipiga picha za MRI, ambazo hutumia sumaku wala hazina mionzi ya kudhuru, kwa vijana 496 wa miaka 14 hadi 19 kutoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Waliona ya kwamba utepe ulioziba kabisa ni nadra mno kwa kijana wa miaka 16, hata mmoja katika mia hafiki. Kipimo kikaanza kutumika rasmi katika Kombe la Dunia la vijana lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Tangu hapo kimewatisha wengi. Mwezi wa Januari 2023 Kamerun iliwapima vijana wake 30 wa chini ya miaka 17, na 21 wakaanguka. Ishirini na mmoja! Kilichobaki hakikuwa timu.

Lakini kipimo hiki hakisemi mtoto kazaliwa lini. Kinajua kumtoa aliyeziba, hakijui kumkamata mwenye miaka 18 au 19 ambaye mfupa wake umechelewa. Hayo yalionekana Dar es Salaam kwenyewe. Mwezi wa Aprili 2019 Tanzania ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika. Wenyeji walifungwa mechi zote tatu, ya kwanza kwa 5-4 na Nigeria, na Kamerun ikaishinda Guinea kwa penalti katika fainali. Guinea ikawa na tiketi ya Kombe la Dunia. Senegal ikashitaki: wachezaji wawili wa Guinea waliwahi kucheza mashindano Japani mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Karatasi zikalinganishwa, Guinea ikaondolewa, na Senegal ndiyo iliyokwenda Brazil mwaka ule.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi watatabasamu hapa. Maimamu wetu walipotaka kumjua mpokezi mwongo walifanya hivyo hivyo: walimuuliza kazaliwa lini, na sheikh aliyedai kusikia kwake alifariki lini, kisha wakaweka miaka miwili ile ubavu kwa ubavu. Walio wengi walionaswa, walinaswa na hesabu yao wenyewe.

Sasa yako mashindano ya wadogo zaidi. Mashindano ya shule za Afrika, ya walio chini ya miaka 15, yalifanyika Zanzibar mwezi wa Mei 2024. Kwa watoto wa umri huo kipimo kile cha mfupa hakina la kusema, kwa sababu mfupa wa miaka 14 na wa miaka 16 yote miwili iko wazi. Hapo hakimu hana ila daftari la shule, cheti, na neno la mzazi. Siku hizi mtoto akizaliwa kituo cha afya, hata huko Kasulu, mama hupewa tangazo la kizazi na kadi ya kliniki yenye tarehe, na tangazo lile hutumika kutafutia cheti. Mara nyingi hukunjwa likatiwa ndani ya mfuko wa nailoni, likachomekwa chini ya paa la makuti au la bati, na mvua ya masika ikalikuta hapo. Kama nyumbani kwako liko mahali pa namna hiyo, lishushe leo.