Namna ya kufufua nyasi za uani zenye vipara kwa gharama nafuu

Ua wenye nyasi ni jambo la kawaida jijini Kampala, na vipara ndani yake ni vya kawaida vilevile. Hema la sherehe ya kwanjula likisimama siku mbili, gari likiegeshwa mahali pamoja kila jioni, au kivuli cha mfenesi kikitanda, udongo mtupu hujitokeza. Katika mji uliojengwa juu ya vilima, udongo huo haubaki mahali pake. Mvua kubwa huuchukua hadi mitaroni, na kipara kidogo huwa kikubwa.

Wengi hudhani dawa ni kung'oa nyasi zote na kununua nyingine. Mara nyingi gharama hiyo si ya lazima. Inatosha kupanda mbegu kati ya nyasi zilizopo, au kutumia vipandikizi kutoka ua uleule.

Kuondoa chanzo

Mbegu haiwezi kushinda sababu iliyoua nyasi za kwanza. Gari litafutiwe mahali pengine, na matawi yanayoziba jua yapunguzwe, kwa kuwa ukoka hudhoofika kivulini. Kijiti kikishindwa kuzama katika udongo wenye unyevu, udongo huo umeshindiliwa na hauna budi kulegezwa kwa uma wa bustani au jembe.

Mbegu au vipandikizi?

Ukoka huota vizuri kwa mbegu, na pia hutambaa wenyewe juu na chini ya ardhi. Paspalamu, nyasi yenye jani pana na asili ya Amerika, huchelewa kuota kwa mbegu. Ni rahisi zaidi kuieneza kwa vipandikizi. Vipandikizi vinafaa pia penye mteremko, ambako mvua husomba mbegu.

Anayechuma vipandikizi kando ya barabara awe macho asichukue lumbugu, gugu linalojulikana kwa jina hilo katika Kiganda. Mizizi yake hupenya chini sana, na likishaingia uani ni vigumu kulimaliza.

Hatua za kupanda

Wakati ufaao ni mwanzo wa mvua, Machi au Septemba, kwani mvua hupunguza gharama ya maji ya bomba.

1. Nyasi zilizobaki zikatwe fupi, na zilizokufa ziondolewe kwa reki.

2. Udongo wa juu ulegezwe na kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche na huleta magugu.

3. Mbegu za ukoka ni ndogo mno. Gramu 5 hadi 10 hutosha mita moja ya mraba. Kipara cha mita 10 za mraba kwa hiyo hakihitaji zaidi ya gramu 100. Zichanganywe na mchanga mkavu, kisha nusu imwagwe kwa urefu na nusu kwa upana ili zienee sawasawa.

4. Zifunikwe kwa udongo laini usiozidi nusu sentimita na kukandamizwa kwa ubao. Mbegu iliyozikwa chini sana haitoki.

5. Vipandikizi vipandwe kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, vifundo viwili vikiwa chini ya udongo na ncha ikiwa nje.

6. Siku isiyo na mvua, maji yanyunyizwe kidogo asubuhi na jioni. Ukoka huchukua wiki moja hadi tatu kuota.

Kujihadhari na hasara

Kabla ya kumwaga mbegu zilizonunuliwa, iwe Container Village au kwingineko, ni busara kuzijaribu. Mbegu 20 ziwekwe ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa wiki mbili hadi tatu. Zikiota 10 tu, kiasi cha kupanda kiongezwe maradufu; zikiota chache sana, mnunuzi amejua mapema kabla ya kupoteza msimu mzima.

Hatimaye, eneo lizungushiwe kamba ili kuzuia watoto na kuku. Mkato wa kwanza usizidi theluthi moja ya urefu wa jani, na hema lisirudishwe hapo hadi nyasi mpya zimeshikana na za zamani. Subira hiyo haina bei, lakini ndiyo inayookoa fedha zilizotumika.