Kim Collins: Haraka Yenye Subira

Ukimuuliza mpenzi yeyote wa riadha hapa Kenya juu ya mashindano ya dunia ya Paris ya mwaka 2003, jina la kwanza atakalokutajia ni Eliud Kipchoge. Alikuwa kijana wa miaka 18 tu, na katika mita 5,000 akawashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Lakini siku 6 kabla ya hapo, tarehe 25 Agosti, uwanja ule ule wa Stade de France ulishuhudia ushindi mwingine ambao sisi tuliupita hivi hivi, kwa sababu mbio fupi hatukuwa tumezizoea. Aliyeshinda mita 100 anaitwa Kim Collins, na habari zake zafaa tuzijue.

Collins alizaliwa mwaka 1976 katika kisiwa cha Saint Kitts, kwenye Bahari ya Karibi. Nchi yake ni visiwa viwili tu, Saint Kitts na Nevis, na watu wake wote ni kama elfu 50. Hebu fikiria: taifa zima lingeweza kukaa ndani ya ule uwanja wa Paris na viti vikabaki. Nchi hiyo ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1983, na mara ya kwanza kwenda Olimpiki ilikuwa Atlanta, mwaka 1996. Collins, akiwa na miaka 20, alikuwa katika timu hiyo ya kwanza. Basi yeye na nchi yake waliingia ukumbini pamoja.

Alisoma Marekani, katika chuo kikuu cha Texas Christian, huku akikimbia. Mwaka 2000 kule Sydney akaingia fainali ya mita 100 ya Olimpiki na kumaliza wa 7. Mwaka 2001 akapata shaba ya mita 200 katika mashindano ya dunia ya Edmonton. Mwaka 2002 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester kwa sekunde 9.98. Hapo palizuka maneno, kwa sababu vipimo vilionyesha dawa ya pumu ambayo hakuwa ameiandika kwenye fomu. Ikathibitika kwamba ni mgonjwa wa pumu na hakukusudia udanganyifu, na medali yake akabaki nayo.

Sasa turudi Paris. Maurice Greene, aliyekuwa bingwa mara tatu, alikwama nusu fainali. Collins alipangwa njia ya 1, ile ya ndani kabisa, mwembamba kando ya wenzake waliojaa misuli. Bastola ilipolia akachomoka, na mwisho akashinda kwa sekunde 10.07. Watatu waliomfuata walipewa muda mmoja, 10.08: Darrel Brown wa Trinidad, Darren Campbell na Dwain Chambers wa Uingereza. Wa tano alikuwa Tim Montgomery wa Marekani.

Wako waliosema ni bahati tu. Ati 10.07 ni muda gani wa bingwa wa dunia, na Greene alikuwa ameshinda kwa 9.82 miaka miwili kabla? Swali hilo lilijibiwa baadaye. Chambers aligunduliwa kutumia dawa za kuongeza nguvu na matokeo yake yakafutwa. Montgomery naye alifungiwa kwa mambo ya dawa mwaka 2005, na rekodi yake ya dunia ya 9.78 ikafutwa pamoja na matokeo mengine. Wa 4 na wa 5 wa fainali ile wakaondolewa vitabuni, na yule wa njia ya 1 akabaki pale pale juu.

Lakini mimi naona jibu kubwa zaidi alilitoa mwenyewe, kwa miguu yake. Mwaka 2005 Helsinki alipata shaba. Mwaka 2009 akatangaza kustaafu, kisha akabadilisha nia. Mwaka 2011 kule Daegu, akiwa na miaka 35, akapata shaba ya mita 100, halafu shaba nyingine pamoja na vijana wa kwao katika mbio za kupokezana vijiti. Nchi ya watu elfu 50 ikasimama jukwaani nyuma ya Jamaika na Ufaransa. Si mchezo!

Kusema la haki, njia haikuwa laini. London mwaka 2012 alibeba bendera ya nchi siku ya ufunguzi, kisha akaondolewa kwenye timu kabla hajakimbia. Viongozi walilalamika kwamba hakuhudhuria mazoezi. Yeye alisema kosa lake lilikuwa kwenda kumwona mkewe hotelini. Kwa hasira akasema hataikimbilia tena nchi yake. Mtu wa miaka 36, ameaibishwa mbele ya dunia, ungetarajia nini ila arudi nyumbani akapumzike?

Hakupumzika. Mwaka 2013 akakimbia 9.97. Tazama hesabu hiyo vizuri: kutoka 9.98 hadi 9.97 ilimchukua miaka 11. Miaka 11 kupunguza kitu ambacho hata jicho halikioni! Mwaka 2014 akafika 9.96. Tarehe 29 Mei 2016, mjini Bottrop, Ujerumani, akakimbia 9.93, akawa mtu wa kwanza mwenye miaka 40 kushuka chini ya sekunde 10. Mwaka huo huo akaikimbilia nchi yake tena katika Olimpiki ya Rio, akafika nusu fainali.

Kwao barabara kuu na uwanja wa riadha vimepewa jina lake, na tarehe 25 Agosti ikatangazwa kuwa siku yake.

Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na huyu kazi yake yote ilikuwa haraka. Lakini haraka yake ya sekunde 10 ilijengwa kwa subira ya miaka 20. Wewe unayesoma haya na una miaka 22, umeanguka mtihani mmoja au umenyimwa nafasi moja, na tayari unasema wakati umekupita, hebu kumbuka kwamba Kim Collins katika umri wako alikuwa bado hajaingia fainali hata moja ya Olimpiki. Mbio zake bora zilikuwa miaka 18 mbele.