Ngitili: nyasi zilizorudisha miti Shinyanga

Mvua zikianza, Msukuma hutenga kipande cha ardhi na kukifunga. Hajengi uzio. Mpaka ni njia ya ng'ombe, kichuguu, au mti ambao kila jirani anaujua. Nyasi huachwa ziote, zichanue, zikauke zikiwa zimesimama. Ikifika Julai au Agosti, kwingine kukiwa vumbi tupu, hapo hufunguliwa, na wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai wa kulimia. Hiyo ndiyo ngitili.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusoma kwamba mfugaji ni adui wa msitu. Shinyanga haikukatwa na ng'ombe. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipambana na mbung'o huko, na Mwingereza aliyeongoza kazi hiyo, Charles Swynnerton, aliacha jina lake kwa aina moja ya mdudu huyo, Glossina swynnertoni. Silaha ilikuwa shoka. Watu kwa maelfu, wakiitwa na watemi wao, walifyeka miombo na migunga ili mbung'o akose kivuli. Pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu, na ngitili zao zikabaki nyuma bila mwenyewe wa kuzilinda. Kina mama wakafikia kupikia samadi na mabua ya pamba.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walileta vitalu na miche, mingi ya miti ya kigeni. Kilichobadili mambo ni kuwasikiliza wazee. Chini ya ardhi ile visiki na mizizi ya migunga vilikuwa bado hai. Palipofungwa, vilichipua vyenyewe bila mtu kubeba ndoo ya maji. Zilipoanza kuhesabiwa, ngitili zilizosalia zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004, katika vijiji 833, zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Ulinzi nao ulikuwa wa nyumbani. Dagashida, mkutano wa jadi, ulipanga masharti. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walimfuata aliyeyavunja, naye akatozwa faini mbele ya watu anaoonana nao kila siku gulioni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliyatambua rasmi misitu ya vijiji na ya vikundi. Kuni zilirudi karibu na nyumba, pamoja na asali, dawa na nguzo za kujengea.

Kinachonitia hofu leo ni urithi. Mzee akifariki, ngitili ya ekari kumi hugawanywa kwa wana watano, na ekari mbili hazifungiki: ng'ombe wa jirani wamekwisha kuzivuka kabla mchungaji hajageuza shingo.