Mkulima yupi? Jinsi majibu ya sensa yanavyoainishwa

Mkazi wa Omugo, West Nile, akiulizwa kazi yake, huenda akajibu kwa neno moja: "Mkulima." Orodha ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2008, yenye makundi makuu 10, humweka kundi la 61 akilima hasa kwa ajili ya soko, na la 63 akilima chakula cha nyumbani. Tangu 2013, vigezo vya kimataifa havimhesabu wa pili kuwa na ajira. Hivyo kosa la karani hubadili takwimu za ajira.

Ili kupima uthabiti, makarani wawili huainisha majibu yaleyale bila kushauriana, kisha kazi zao hulinganishwa. Swali la ziada husaidia: mazao huuzwa au huliwa?