Mfahamu panya ajipakaye sumu ya mishale

KASKAZINI mashariki mwa Nakuru, baada ya kulipanda Bonde la Ufa hadi vichaka vikavu vya Laikipia, huishi panya wa usiku anayeonekana kwa nadra. Wanasayansi humwita Lophiomys imhausi. Ana ukubwa wa sungura mdogo, manyoya marefu ya kijivu na shungi mgongoni. Akitishwa hakimbii, husimamisha shungi hilo na kufunua michirizi myeusi na myeupe ubavuni.

Silaha yake ni ya kuazima. Hutafuna gome la msunguti, mti uleule ambao wawindaji wa Afrika Mashariki wamechemsha tangu jadi kupata sumu ya mishale, kisha hupaka mate yake kwenye manyoya ya ubavu, ambayo hufyonza kama sifongo. Sumu hiyo hushambulia moyo. Mbwa wa mjini, tuseme wa Milimani, Nakuru, akimng'ata panya huyu, anaweza kufa.

Jonathan Kingdon na wenzake walieleza tabia hiyo mwaka 2011, ila kwa kumtazama mnyama mmoja tu. Je, mmoja atoshe kusemea jamii nzima?

Jibu lilihitaji mitego. Sara Weinstein wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, na wenzake, akiwemo Bernard Agwanda wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walianza na kamera zinazojiwasha mnyama apitapo, lakini panya hao hawakuziwasha ipasavyo. Ndipo wakatega mitego ya kunasa wakiwa hai. Chambo kilikuwa vyakula vyenye harufu kali: samaki, siagi ya njugu, vanila. Walinasa panya 25.

Banda kuukuu la ng'ombe liligeuzwa makao yao, likawekwa ngazi, viota na kamera. Picha za takriban saa 1,000 zilitazamwa. Kati ya panya 22 waliopewa msunguti, 10 walijipaka sumu, wala haikuwadhuru.

La kushangaza zaidi lilitokana na mtego wenyewe. Baada ya jike kunaswa, dume alinaswa papo hapo siku chache baadaye. Walipowekwa pamoja walianza kukoroma kama paka na kusafishana manyoya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba panya hawa, waliodhaniwa wapweke, huweza kuishi mume na mke.

Mnyama wa namna hiyo, mwenye mwili mkubwa na mwenzi mmoja, aghalabu huzaa polepole. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini humweka miongoni mwa wasiotishiwa sana, ingawa takwimu za idadi yake ni haba mno.