Ukuta Uotao

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, jani likichungulia katika ufa wa ukuta, mpita njia hujua kuwa nyumba hiyo haina mwangalizi. Kuta za huko ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mche wa jamii ya mtini ukishika humo, mizizi yake huzipasua polepole, masika baada ya masika. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilikosa wa kuzitunza, na kijani kikapanda hadi mapaani.

Mtu wa pwani mwenye macho hayo, akikwea milima ya Upare hadi Suji, wilayani Same, atasoma vibaya. Huko kijani ndicho ukuta wenyewe. Wapare, kama jirani zao Wachaga, hupanda masale mpakani mwa shamba, na safu hiyo ikikua huwa mlinzi na shahidi. Nyumba za msonge zilioza zikajengwa upya. Masale yalibaki palepale, yakichipua tangu babu hata mjukuu. Kuyang'oa si kupalilia, ni kuiba ardhi. (Uchagani jani hilohilo ndilo hupelekwa na mkosaji aombaye msamaha.)

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati ya hakimiliki ya kimila. Karatasi hiyo ina faida yake, hasa kwa mjane asiye na wa kumsemea. Lakini mpimaji afikapo shambani huuliza kwanza mpaka uko wapi, na mzee humwonyesha masale.